Kanisa letu la matofali ya kuchoma lisipigwe lipu ya saruji: historia na ujenzi wa makanisa ya kale ya Ugogo

Mwana wa Mpwapwa (mleta uzi)

Mbukwenyi ndugu zangu, na wazee wote shikamooni.

Nimeleta uzi huu kwa sababu ya kanisa letu, ambalo ni jengo la zamani la matofali ya kuchoma katika kijiji kimojawapo cha Wilaya ya Mpwapwa. Kamati ya ujenzi, ambayo mimi ni mjumbe wake, imekubaliana kwamba kuta zote zipigwe lipu ya saruji ndani na nje, kisha zipakwe rangi, ili jengo liendane na wakati. Niliomba muda kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa, nikapewa hadi mwisho wa kiangazi. Ninaandika kwa sababu ninaamini lipu hiyo italiua kanisa ndani ya miaka michache, na ninazo sababu ambazo nimeziona kwa macho yangu ukutani.

Miaka kadhaa iliyopita fundi mmoja alipewa kazi ya kurekebisha sehemu ya chini ya ukuta wa kaskazini, mahali ambapo unyevu ulikuwa umeacha alama. Alipiga saruji nzito kuanzia ardhini hadi usawa wa kiuno. Ilipendeza kwa misimu miwili ya mvua. Leo hii unyevu umepanda juu ya mstari wa saruji, na matofali yaliyo juu tu ya mstari huo yana ukungu mweupe wa chumvi. Ukiyapitishia kidole gumba, yanapukutika unga mwekundu. Mwezi uliopita kipande cha saruji chenye ukubwa wa sinia kilidondoka chenyewe, kikaondoka na uso wa matofali manne. Lakini ukuta wa kusini, ambao haujawahi kuguswa na mtu yeyote, bado una ncha kali kwenye kila tofali.

Ili mjadala uwe na msingi, nieleze kwanza tumefikaje kwenye matofali haya.

Kabla ya kanisa la matofali palikuwa na tembe. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walipoweka kituo cha kudumu Mpwapwa mwaka 1878, wakiwemo Daktari Edward Baxter na Joseph Last, walilikuta eneo letu likiwa kituo kikubwa cha misafara kwenye njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na nyumba walizozikuta zilikuwa tembe za miti, udongo na paa bapa la udongo. Tembe ni nyumba yenye akili nyingi kwa nchi kavu kama yetu, kwa sababu mchana huwa na ubaridi na usiku hutunza joto. Hata hivyo, kwa mkusanyiko wa watu mia mbili ina shida mbili. Paa la udongo ni zito mno, kwa hiyo ukitaka chumba kipana lazima usimamishe msitu wa nguzo katikati. Halafu nguzo hizo zote ni chakula cha mchwa. Jengo linaweza kuonekana zima kwa nje ilhali ndani ya nguzo pamebaki ganda tupu.

Kule pwani wenzao walikuwa na jibu tayari. Kanisa la Mkunazini, Unguja, ambalo Askofu Edward Steere alilisimamia kati ya 1873 na 1879 mahali palipokuwa soko la watumwa, lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Ugogo hakuna matumbawe. Mzigo wa pagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30, na safari kutoka pwani ilikuwa ya majuma kadhaa kwa miguu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kufikiria kubebesha watu kuta za kanisa. Kilichokuwapo kwa wingi ni udongo, na udongo ulio bora kuliko wote kwa tofali ni ule wa kichuguu, kwa sababu mchwa wameshauchambua chembe kwa chembe na kuuacha ukiwa laini, unaonata na usio na kokoto. Mdudu aliyekuwa akizila tembe ndiye aliyetuandalia udongo wa kuta asizoweza kuzila.

Tofali lilifinyangwa kwenye kalibu ya mbao, likaanikwa, kisha likapangwa tanuru na kuchomwa kwa kuni siku kadhaa mfululizo. Kazi hiyo haifanyiki masika. Huku kwetu mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo mafundi walikuwa na miezi ya kiangazi tu ya kufinyanga na kuchoma, miezi ileile ambayo maji ni ya kutafuta mbali.

Sasa nitazame jengo lenyewe. Kuta zina unene wa tofali moja na nusu, yaani kama inchi 14. Kozi (yaani safu ya matofali) moja imelazwa kwa urefu, kozi inayofuata yamegeuzwa vichwa vikatazama nje, na mpangilio huo unaendelea kutoka msingini hadi chini ya paa bila kukosewa. Hili si pambo. Vile vichwa ndivyo vinavyoshika upande wa nje na wa ndani wa ukuta visitengane. Madirisha ni membamba na yana matao ya nusu duara, kwa sababu fundi hakuwa na nondo wala zege la linta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha. Tao hulibeba tofali kwa kulibana tu, na kadiri uzito unavyoongezeka juu ndivyo matofali yanavyozidi kukazana. Kwa nje kuna nguzo nene za matofali zilizoshikamana na ukuta, nne kila upande, zinazozuia paa lisizisukume kuta nje. Altare iko mashariki kama ilivyo desturi ya Kanisa, na desturi hiyo imekubaliana vizuri na jua letu, kwani kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, na za mashariki na magharibi zinazopigwa na jua la asubuhi na la jioni ni zile fupi.

Matofali yameunganishwa kwa udongo uliochanganywa na chokaa kidogo. Ni laini, ukiukwaruza kwa msumari unatoka. Wajumbe wenzangu walipoona hivyo walisema ukuta umechoka. Mimi nasema ulijengwa hivyo makusudi, na hapo ndipo ninapoomba msaada wa wenye utaalamu.

Jambo moja la mwisho. Kwenye ukuta wa kusini, kozi ya sita kutoka chini, karibu na mlango mdogo, kuna tofali lenye alama ya kwato mbili za mbuzi. Alipita juu yake likiwa bichi uwanjani, na fundi akaliweka tanuruni hivyohivyo. Lipu ikipigwa, tofali hilo halitaonekana tena.

Fundi Mstaafu

Mwanangu, marahaba. Nimejenga kwa miaka mingi Dodoma mjini na Kongwa, na nimewahi kubomoa majengo mawili ya zamani, jambo ambalo sasa nalijutia. Uliyoyaona kwenye ukuta wa kaskazini ni kweli, na sababu yake ni hii.

Tofali la kuchoma la zamani hunywa maji. Mvua ikinyesha linalowa, jua likitoka linakauka, na maji yanayopanda kutoka ardhini nayo hutafuta njia ya kutokea. Katika ukuta wenu njia hiyo ni viungo vya udongo na chokaa, kwa sababu ndivyo vilaini na vyenye matundu kuliko tofali. Ukiviziba kwa saruji, maji hayaachi kupanda. Yanapanda zaidi mpaka yapate upenyo. Na maji ya nchi yetu yana chumvi. Kila mtu anajua kwamba Bahi watu wamekuwa wakikusanya chumvi tangu enzi na enzi, na Itigi kunachimbwa jasi. Maji yakifika kwenye uso wa tofali yanakauka na chumvi inabaki, inaganda chembechembe ndani ya vitundu vya tofali, inavimba na kulipasua kwa ndani. Ule unga mwekundu ni tofali lililopasuliwa na chumvi. Kosa si la tofali.

Kuhusu ulaini wa viungo, uko sahihi. Kanuni tuliyofundishwa na wazee wetu ni kwamba kinachounganisha kiwe dhaifu kuliko kinachounganishwa. Ukuta ukitikisika au msingi ukizama kidogo, ufa upite kwenye kiungo, ambacho unaweza kukijaza upya kwa siku moja. Kiungo kikiwa kigumu kuliko tofali, ufa unapita katikati ya tofali, na hapo huna la kufanya. Tusisahau pia kwamba tunaishi kando ya Bonde la Ufa. Kilimatinde ipo juu ya ukingo wake kabisa, na matetemeko madogo si mageni kwetu. Chokaa hukubali kucheza kidogo bila kuvunjika.

Tiba yake ni hii. Kwanza, msiguse ukuta kabla ya kushughulikia maji. Chimbeni kuzunguka jengo mwone usawa wa ardhi wa zamani. Mara nyingi udongo umejikusanya kwa miongo mingi hadi umepita juu ya msingi na kufunika kozi mbili tatu za tofali. Uondoeni, wekeni mteremko wa kutosha ili maji yakimbie mbali na ukuta, na wekeni mifereji kwenye paa. Pili, bandueni saruji ya zamani taratibu kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo, msitumie mashine. Tatu, acheni ukuta ukauke kiangazi kizima, na kila chumvi inapotoka ifagieni kwa brashi kavu, msiioshe kwa maji kwa sababu itarudi ndani. Nne, jazeni viungo kwa chokaa na mchanga, sehemu moja kwa tatu, mchanga uwe uliochekechwa na kuoshwa.

Chokaa yenyewe iloweshwe majuma kadhaa kabla ya kutumika, kwa maana ikikaa muda mrefu majini inakuwa laini kama siagi na inashika vizuri zaidi. Mkipata chokaa mbichi isiyozimwa, anayeizima avae miwani na glovu, kwani inachemka na kuruka, na imewahi kuwapofua watu.

Naomba uniambie kama paa lina dari, na kenchi ni za mbao gani.

Mwana wa Mpwapwa

Nashukuru sana, Mzee wangu. Dari hakuna, kenchi zinaonekana zote ukiwa ndani, na wazee wanasema ni mninga. Upana wa ndani ni hatua zangu nane tu, nami naamini upana huo uliamuliwa na urefu wa boriti zilizopatikana, kwa sababu urefu wa jengo ni zaidi ya mara tatu ya upana. Paa ni la bati.

Bati hilo nalo lina historia yake. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo vitu vizito viliweza kufika bara kwa gari la moshi badala ya vichwa vya watu. Lakini saruji iliendelea kuwa kitu cha kuagizwa kutoka ng'ambo hadi kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza uzalishaji mwaka 1966, na ndiyo maana jengo lolote la misheni la zamani huku kwetu ambalo mnalikuta na saruji nyingi ukutani, mnaweza kushuku kwamba saruji hiyo ililetwa baadaye. Hiyo peke yake ni njia nzuri ya kusoma umri wa matengenezo.

Mlei wa Ihumwa

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini, nami naheshimu uchungu wako, lakini naomba nitoe maoni tofauti.

Tangu Serikali ilipohamia Dodoma mwaka 2016, makanisa yetu yamejaa. Kwetu waumini wanasimama nje chini ya miti katika ibada zote mbili, na mvua ikinyesha wanarudi nyumbani. Jengo la hatua nane kwa ishirini na nne haliwezi kuwatosha. Ninyi mko mbali kidogo na mji, lakini wimbi hilo litawafikia. Je, ni haki fedha za waumini, ambao wengi ni wakulima wa mtama na alizeti, zitumike kuloweka chokaa na kufagia chumvi, badala ya kujenga jengo jipya litakalowatosha watoto wetu?

Pia tusilifanye tofali kuwa kitu kitakatifu. Pale Namirembe, Kampala, kanisa limejengwa upya mara nyingi. Moja liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, lililofuata likadhoofishwa na mchwa likabomolewa, na la matofali lililokuja baadaye, lenye paa la nyasi, likapigwa na radi na kuungua mwaka 1910. Hili wanalosali leo walilijenga kati ya 1915 na 1919. Hakuna aliyesema wabaki kwenye magofu.

Mama wa Chamwino

Naomba niingie hapo kwenye Namirembe, kwa sababu mfano huo una upande mwingine.

Lile la matofali lililoungua mwaka 1910 lilijengwa na watu wa kila daraja. Wakuu wa Buganda na wanawake wa jumba la kifalme walibeba matofali na udongo vichwani pamoja na watu wa kawaida. Na lilipoungua hawakurudi kwenye miti na matete. Walijenga tena kwa matofali, safari hii kwa michoro ya msanifu Temple Moore wa Uingereza. Katika kanisa hilohilo, mwaka 1955, Askofu Mkuu wa Canterbury alimweka wakfu Yohana Omari kuwa Askofu Msaidizi wa Central Tanganyika, Mwafrika wa kwanza kuwa Askofu wa Kianglikana katika Tanganyika. Kwa hiyo kuta zile za matofali ni sehemu ya historia ya Dodoma pia, ingawa ziko Uganda.

Jambo la pili ambalo naona halijasemwa ni maji. Kaka ameeleza vizuri kwamba tofali hufinyangwa kiangazi, wakati maji yako mbali. Nani aliyateka? Bibi yangu, mzaa mama, aliwahi kutusimulia kwamba akiwa msichana alikwenda na wenzake mtoni kabla ya alfajiri, wakafukua mchanga kwa kata mpaka maji yachuruzike, wakajaza mitungi, wakarudi kuyamwaga kwenye shimo la udongo ambamo vijana walikuwa wakikanyaga. Safari mbili kila siku, kiangazi chote. Hilo lilikuwa kanisa lingine, lakini sidhani kama la Mpwapwa lilijengwa kwa namna tofauti. Kitabu cha parokia kitataja jina la mchungaji aliyesimamia, na pengine la fundi mkuu. Wateka maji hawamo kwenye kitabu. Wamo ukutani tu.

Naomba pia tukumbuke ni watu gani hao. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza na kuwafunga walimu Waafrika wa misheni, wakiwatuhumu kuwasaidia adui. Mara baada ya hapo ikaja njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Ugogo. Maelfu kwa maelfu walikufa. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia, waumini aliowakuta ni wale walionusurika na watoto wao. Watu hao ndio waliofinyanga matofali kwa maelfu. Mimi siwezi kuliona jambo hilo kuwa dogo.

Fundi Mstaafu

Ndugu wa Ihumwa, hoja yako ya nafasi ni ya kweli na haipaswi kupuuzwa. Lakini angalia hesabu. Lipu ya saruji haiongezi hata kiti kimoja. Fedha ile ya saruji, mchanga, rangi na ufundi ikishatumika, waumini watakuwa walewale nje ya mlango, na ukuta utakuwa umeanza kuoza kwa ndani mahali ambapo hakuna anayeuona. Kama wanahitaji kanisa kubwa, walijenge pembeni, na hili dogo walitumie kwa ibada za katikati ya juma, mafundisho ya kipaimara na kwaya. Uwanja wa misheni kwa kawaida ni mkubwa.

Mkazi wa Kilimatinde

Naongeza kuhusu sheria, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba jengo likishakuwa la zamani basi Serikali inalilinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Makanisa yote ya misheni huku bara ni ya baada ya mwaka huo, kwa hiyo hayamo, mpaka Waziri mwenye dhamana atangaze kwa jina kwamba jengo fulani ni la kumbukumbu. Michoro ya miambani ya Kondoa imo hata kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, lakini kanisa la kijijini kwenu linalindwa na kamati ya ujenzi peke yake. Kamati ikiamua kubomoa kesho, hakuna atakayeizuia.

Kwa sababu hiyo nashauri mpige picha kila ukuta, kila dirisha na kila kenchi, mpime kwa utepe na kuchora ramani kwa mkono. Hata jengo likianguka, mtakuwa na kitu cha kujengea upya. Mwanzo wa misheni Mpwapwa kwenyewe ni funzo: mwaka 1889, vita vya Abushiri vilipofika huko, kituo cha Wajerumani kilishambuliwa na majengo ya misheni yakachomwa moto, na leo ni vigumu kwa mtu kujua yalikuwa na sura gani.

Msafiri wa Blantyre

Niliwahi kusali katika Kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote huko Blantyre, Malawi, na nimelikumbuka kwa sababu ya uzi huu. Lilijengwa kati ya 1888 na 1891 na mmisionari wa Kiskoti David Clement Scott pamoja na mafundi wenyeji, na Scott hakuwa msanifu majengo. Sehemu ngumu walizipanga kwanza kwa matofali makavu bila udongo, wakazitazama, wakasahihisha, ndipo wakajenga. Lina minara, kuba na matao ya kila aina, na kalibu za matofali yake zilikuwa za maumbo zaidi ya themanini. Matofali yako wazi mpaka leo, hayana lipu kwa nje, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuyatazama. Hakuna anayesema limepitwa na wakati.

Mlei wa Ihumwa

Nimekubali hoja ya mzee kwamba lipu haiongezi nafasi. Sikuwa nimeitazama kwa upande huo. Bado nasisitiza kwamba suala la kanisa kubwa lisiahirishwe kwa sababu ya hili. Na kwako mama wa Chamwino, pole na asante kwa simulizi ya bibi. Nimewasomea watoto wangu.

Mwana wa Mpwapwa

Nimerudi na taarifa, wakuu, baada ya majuma mawili.

Nilifuata ushauri wa Mzee wangu Fundi Mstaafu na kuanza na maji. Jumamosi tulichimba mtaro mfupi wa kupima kwenye ukuta wa kaskazini, vijana watano na mimi. Tulikuta kozi tatu kamili za tofali chini ya udongo, na chini yake msingi wa mawe. Maana yake ni kwamba ardhi imepanda karibu futi moja tangu kanisa lijengwe, na kila masika ukuta umekuwa ukisimama ndani ya tope. Matofali yale yaliyozikwa, ambayo nilidhani tutayakuta yameoza, ni mazima, yamelowa tu. Yaliyooza ni yale ya juu, nyuma ya saruji na juu ya mstari wake.

Kisha tukabandua saruji kwa upana wa hatua mbili. Ilitoka kirahisi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu haikuwa imeshikana na ukuta tena. Kati yake na matofali palikuwa na uwazi wenye chumvi nyeupe iliyolowa, ungeweza kuichota kwa kijiko. Tuliiacha wazi. Siku ya tisa sehemu ile ilikuwa imebadilika rangi kutoka nyekundu iliyoiva kuwa rangi ya chungwa kavu, na chumvi iliyotoka tuliifagia mara tatu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, niliwaomba wanakamati na Mchungaji waje waguse kwa mikono yao, kwanza ukuta uliofunikwa, kisha uliofunuliwa, kisha ule wa kusini. Sikuongea sana. Mzee wetu mmoja wa kanisa, ambaye ndiye aliyeshikilia sana habari ya lipu, alisimama muda mrefu kwenye ukuta wa kusini, akaliona lile tofali la kwato, akainama akaweka vidole viwili ndani ya alama zile. Akauliza kama kuna mengine. Hatukujua, kwa hiyo watoto wa shule ya Jumapili walitumwa kuyatafuta, na walirudi na mawili: moja lina alama ya kiganja cha mtoto mdogo, karibu na dirisha la pili, na jingine lina mstari wa vidole vitatu, kama mtu aliyejaribu kuona kama limekauka.

Kamati imeamua hivi. Lipu ya nje haitapigwa. Ndani kuta zitapakwa chokaa nyeupe isiyo na saruji wala rangi ya mafuta, kama zilivyokuwa. Fedha zilizochangwa kwa ajili ya saruji zitanunua mifereji ya paa na chokaa, na zitakazobaki zitaingia kwenye mfuko wa jengo jipya, ambalo eneo lake limepimwa upande wa mashariki, nyuma ya mkuyu uliotundikiwa kipande cha reli tunachokigonga kama kengele. Sikupata kila nilichotaka, kwa sababu sakafu ya zamani ya matofali bado imepangwa kuwekewa vigae mbele ya altare, na hilo nitaendelea kulisemea.

Jumamosi ijayo tunaendelea kubandua ukuta wa kaskazini kuanzia saa moja asubuhi. Tunazo patasi nne na nyundo mbili tu, kwa hiyo aliye jirani na mwenye vifaa vyembamba tunamkaribisha. Mzee wangu, chokaa nimeiloweka jana kwenye mapipa mawili nyuma ya ofisi ya parokia, nimeifunika kwa maji juu kama ulivyoelekeza. Naomba unijulishe nitajuaje kwamba imeiva.

Fundi Mstaafu

Iache mwezi mzima. Kisha chota kwa mwiko uugeuze chini juu. Isipodondoka, imeiva. Jumamosi nitakuja mwenyewe, nina patasi tatu.